Siku Mama Alipovunja Nguzo ya Geti

Iko siku moja, mwanangu Nekesa, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na sikuwa nimepanga kukusimulia. Lakini Jumapili ulikuja na mume wako, mkanionyesha kwenye simu ile karavani mliyonunua, nyumba nzima juu ya magurudumu, kitanda, jiko, hata mapazia. Mkaniambia mnaacha fleti ya Kilimani, mnaenda kuzunguka nchi mkiishi humo. Nilicheka nanyi, nikawapa chai, mkaenda. Tangu hapo nawaongelea ninyi usiku na mchana. Baba yako ananiambia, "Mama Nekesa, waache watoto," kisha anageukia upande wa pili wa kochi na kukoroma. Kwake ni rahisi. Siku ninayoisema, yeye alikuwa na homa, nusu hajitambui.

Ninyi mnadhani mmebuni jambo. Wee! Sisi tulilifanya kabla hujazaliwa. Baba yako alikuwa fundi wa mashine za kuchapa kule River Road, mimi nikiuza vitambaa mtaa huo huo. Tulipooana alipata karavani kuukuu kwa mtu aliyekuwa akihama, akaitengeneza Jumamosi zake zote, akaifunga nyuma ya pikapu. Tukaacha kazi, tukaondoka. Mjomba wangu aliuliza kama nimeolewa au nimetiwa kizimbani kama kuku.

Na ilikuwa raha, sitakudanganya. Tulienda Nakuru, tukaenda Kericho, tukafika kwao baba yako, Bungoma, tukapita Kitale mpaka kule kwenye joto linalokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Tulipika ugali mlangoni. Tuligombana na kupatana mahali ambapo watu wawili hawawezi hata kupishana. Na kila nilipopata kibanda cha simu nilimpigia mama yangu hapa mtaani Satellite, kwa jirani aliyekuwa na simu. Naye kila mara aliuliza, "Mko sawa?" Nami nilijibu, "Tuko sawa, mama." Tulipokwama kwenye matope, tuko sawa. Baba yako alipoanza kutetemeka tukiwa Nakuru, njiani kurudi, nilipiga simu nikasema vile vile. Sikutaka aingiwe na wasiwasi.

Kumbe wasiwasi wote niliubeba mimi. Sikujua kuendesha gari, mwanangu. Dereva alikuwa yeye, na mgonjwa alikuwa yeye. Kutoka Nakuru kuja huku nilimshika mkono wa shati, namuongelesha asisinzie. Nikimuuliza hili anajibu lile. Jasho linamtoka, meno yanagongana, na nyuma yetu ile nyumba inayumba. Kwenye zile kona za kupanda kutoka bondeni nilimwomba Mungu kwa Kikuyu, nikamwomba kwa Kiswahili, nikamalizia na Kibukusu kidogo nilichokuwa nacho.

Tulipofika Dagoretti tuliingia kliniki moja. Daktari akampima, akamdunga sindano, akanivuta kando. "Mama, malaria imempanda. Anywe maji, anywe uji, kesho asubuhi mrudi kwa sindano ingine. Lakini asikae bila mtu. Akianza kuongea maneno hayaeleweki, usingoje. Mlete mbio."

Nikamwambia baba yako twende kwa mama, ni hapa tu. Akakataa katakata. Alitaka tukaegeshe kwenye kituo cha petroli, tulale ndani ya karavani kama tulivyozoea.

"Siwezi lala kwa mama mkwe," akasema. "Kwetu hiyo haifanyiki. Hata nikifa."

"Na ukifa kweli?"

"Basi nitakufa na heshima yangu."

Ningemzaba kofi kama hangekuwa mgonjwa! Lakini nisimwonee. Wabukusu na mama mkwe unawajua, wewe ni mmoja wao. Na mama yangu, Mkikuyu wa hapa hapa, naye alilelewa hivyo hivyo: mkwe anakaribishwa sebuleni, anakula, anashukuru, anaenda kwake kungali mchana. Wale watu wawili walikuwa hawajawahi hata kuangaliana usoni vizuri. Mimi nilichokuwa naona ni kimoja tu. Akianza kuweweseka kule kwenye kituo cha petroli, nitafanya nini? Gari siwezi kuendesha, na mwanamume mzima siwezi kumbeba. Nitapiga kelele, nani atakuja?

Nikamdanganya. Nikasema tupite tu, mama atuone, tumsalimie, tuendelee na safari.

Mama alitoka mikono ikiwa na unga. Akaiona pikapu imesimama barabarani na karavani nyuma yake, magari yanapiga honi, na mkwe wake ameinamia usukani. Akaniuliza polepole, kwa ile sauti niliyoiogopa tangu utotoni.

"Wairimu, jana ulinipigia simu. Uliniambia nini?"

"Nilisema tuko sawa."

"Hii ndiyo sawa?"

Mama akapangusa unga kwenye kanga yake.

"Ati mnanificha mkiwa wagonjwa, halafu mkikaribia kufa ndio mnapita kunisalimia. Mimi ni mama yako ama ni jirani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akasogea karibu na dirisha la pikapu, akageuza uso ukaelekea ukuta, kama inavyotakiwa, akamwambia baba yako, "Baba, karibu ndani."

"Asante mama. Lakini mimi siwezi lala kwako."

"Nani amekuambia ulale kwangu? Lala kwako. Hiyo umevuta si ni nyumba yako?"

"Nikiingiza nyumba hapa, nitakuwa nimejenga kwa wakwe."

"Nyumba iko na magurudumu haijajengwa," mama akasema, bado anaongea na ukuta. "Hiyo ni gari. Na gari ya mgeni haiachwi nje."

 Baba yako akaitikia kwa kichwa. Nikasema, Mungu wangu, asante.

Nilishukuru mapema. Geti la mama lilikuwa jembamba, la enzi za mkokoteni wa nyasi za ng'ombe, na huku na huku zilisimama nguzo mbili za mawe. Nguzo hizo marehemu babu yako alizijenga kwa mikono yake, na kila Krismasi mama alizipaka chokaa yeye mwenyewe, hakukubali mtu mwingine aziguse. Karavani ilikataa kupita. Ilibaki kama upana wa sufuria tu, lakini ilikataa. Baba yako akafufuka ghafla! "Mmeona? Haiingii. Twende zetu." Akashika ufunguo awashe. Mimi nikaanza kulia pale pale barabarani, watu wakiniangalia.

"Zima hiyo gari," mama akasema.

Jirani alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha, na lori la mawe lilikuwa linashusha. Mama akaita juu ya ua, "Fundi! Kuja na nyundo kubwa."

Fundi akaja mbio. "Nigonge wapi, mama?"

"Hiyo nguzo."

"Hii ya marehemu mzee?"

"Nimesema hiyo. Tutajenga ingine."

Nilimtazama mama, mwanangu. Nyundo ya kwanza ilipogonga alifumba macho. Ya pili ilipogonga aliyafumbua, akaanza kuokota mawe na kuyatupa kando, harakaharaka, kama mtu anayepalilia. Dereva wa lori akapanda kwenye pikapu yetu, akaiingiza karavani mpaka kando ya zizi.

Sasa sikiliza alivyofanya. Hakuingia mle ndani, kwa sababu mama mkwe haingii anapolala mkwe wake. Alileta kigoda, akakiweka mlangoni, akaketi akiwa ametupa mgongo. Uji alinipitishia nyuma ya bega lake bila kugeuka. Nami nilipomwambia yale ya daktari, kuhusu maneno yasiyoeleweka, alifikiri kidogo, kisha akaanza kumuuliza baba yako maswali.

"Baba, ndugu zako ni nani na nani? Nitajie, kuanzia mkubwa."

Baba yako akawataja. Baada ya muda akamuuliza mito ya kwao. Akamuuliza majina ya ng'ombe waliotolewa kwa mahari yangu, na walikuwa rangi gani. Jua likazunguka, uji ukapoa ukapashwa tena, na kila nilipoona kope zinalegea, mgongo ule mlangoni ulikuwa umeshauliza swali lingine. Halafu ikafika mara moja ambapo hakujibu.

"Baba? Ndugu zako ni nani na nani?"

 Woi, Nekesa. Nilimgusa shingo, ilikuwa moto. Mama akaanza kuinuka, na nikajua kwamba akiingia mle ndani, mambo yamefika mwisho. Nikasikia kile kigoda kinaanguka.

"Mama," baba yako akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa kabisa, "hao nimekutajia tayari."

Mama alicheka hadi akalia. Akakiinua kigoda, akaketi, akanigeuzia tena mgongo. Asubuhi, yule dereva wa lori akiendesha, tukampeleka sindano, na kesho yake, na baada ya wiki baba yako alikuwa nje anachanganya simiti, anaijenga ile nguzo upya. Aliisogeza nyuma, geti likawa pana.

Haya, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Nyote wawili mjue kuivuta hiyo karavani, wewe na yeye, na ujifunze kabla hamjatoka Nairobi. Msikubaliane mambo ya ugonjwa mkiwa wagonjwa; kaeni chini leo mpatane nani atapigiwa simu na mtakimbilia wapi. Na mimi usiniambie mko sawa kama hamko sawa. Niambie ukweli, nilie nikimaliza nije. Heshima ya mume wako naijua. Mpaka leo ukimkaribisha jikoni kwangu anasimama mlangoni kama askari, na nampenda kwa hilo. Mwambie heshima hiyo tutailinda pamoja, akiwa mzima.

Jumatatu nilimpigia mume wako nikamuuliza karavani yenu ina upana gani. Alidhani naulizia tu kwa kushangaa. Nikatoka na kamba nikapima geti letu hili la hapa kwetu, nikaona halitoshi. Leo fundi amekuja kuibomoa nguzo ya kushoto. Baba yako ameamshwa na kelele, akatoka nje na malapa, akaliangalia lile vumbi kwa muda.  Amechukua koleo, ameanza kuondoa mawe.

Nendeni, wanangu. Mungu awatangulie kwenye kila kona, awape barabara kavu na majirani wema kila mtakapoegesha, awarudishe mkiwa wawili au zaidi. Na mkija mkiwa hamko sawa, msisimame barabarani. Ingieni tu.