Mkalimani Mbele ya Kamati

Kwa miaka saba Jamaludin wa Pate alikuwa mkalimani wa boma la Amu, kisiwani Lamu, na kwa miaka yote hiyo ulimi wake haukuwa wake. Mwaka 1912 Baraza la Kutunga Sheria lilituma kamati ya watu watatu ichunguze jinsi sheria ya mashamba ilivyotumika visiwani. Shamba lisiloandikishwa kabla ya siku iliyotangazwa lilichukuliwa na serikali.

Mkuu wa boma alikaa ukumbini kando ya wanakamati. Shahidi wa nne alikuwa Bi Umulkheir, mjane wa Pate.

"Tangazo lilisomwa kwenu?" aliuliza mwenyekiti kwa Kiingereza. Jamaludin akamfasiria.

"Hakuya mtu," Bi Umulkheir akajibu. "Nti ile nimeilima na marehemu mume wangu. Nalijua kuwa si yangu tena siku serikali ilipokuya kuipima."

Aliyetumwa kulipeleka tangazo alikuwa Jamaludin mwenyewe. Mkuu alimpa karatasi ya Kiingereza, akamwamuru aibandike bandarini Mtangawanda na arudi siku ile ile. Mjini Pate hakufika. Na ukumbini pale, waliojua lugha zote mbili walikuwa wawili tu: yeye na mkuu. Angeweza kulipinda neno, na mkuu asingemkosoa.

"Anasema hakuja mtu," akatafsiri.

Mwenyekiti akafunua daftari la boma. "Hapa pameandikwa lilisomwa hadharani. Alitumwa nani?"

"Mkalimani wangu," mkuu akajibu, bila kumtazama.

"Ulilisoma?" mwenyekiti akamuuliza Jamaludin.

"Nililibandika, Bwana. Ndivyo nilivyoamriwa."

Bi Umulkheir akauliza, "Wasemani, mwanangu?"

"Nawaambia ni mimi, Bi. Mimi ndiye niliyetumwa."

"Nawe ni wa Pate," Bi Umulkheir akasema.

"Anasemaje?" mwenyekiti akauliza, na Jamaludin ikambidi alitafsiri hilo pia.

Ripoti ilipotoka, watu wa Pate waliongezewa muda wa kuandikisha, na Bi Umulkheir akapata hati yake. Kuhusu amri ya mkuu hakukuandikwa hata mstari. Jamaludin akaandika barua ya kuomba kuacha kazi. Mkuu akamrudishia barua ile.

"Mkataba wako haujaisha. Na nani mwingine hapa ajuaye lugha?"

Akabaki. Akienda kwao Pate, jirani zake walimwamkia "Bwana Karani" na kumpisha njia, kama wampishavyo mgeni wa serikali. Kila asubuhi alirudi kwenye kiti kile kile, ubavuni mwa mkuu yule yule, akasema maneno ya wengine.