Mwanamke Ambaye Injini Yake Haichemshi

Mabibi na mabwana, wenye pikipiki na mnaosukuma za wenzenu: inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba katika zahanati ya bondeni, chini ya paa la bati linalovuja sehemu mbili tu, amegunduliwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja ambaye injini yake haichemshi. Habari hizi zimethibitishwa na mlinzi wa geti, mfagizi, na mtu mmoja aliyekuwa anapita tu. Uchunguzi unaendelea. Raia mwema mwenye fununu yoyote aifikishe kwa Mratibu wa Usafiri, mlango wa pili kushoto, na abishe hodi kwanza.

Mwanamke mwenyewe anaitwa Shangazi, hata na waliomzidi umri. Jumanne na Ijumaa anapandisha chanjo za watoto kwenye zahanati ndogo ya mlimani. Njia yenyewe ni kilomita tisa za mizizi, mawe na tope, nyembamba kiasi kwamba ukikutana na ng'ombe lazima mmoja wenu arudi kinyumenyume, na ng'ombe hajawahi kukubali kuwa yeye. Pikipiki wanazotumia ni zile ndefu za porini, matairi yenye meno, injini inayopozwa kwa maji ya rejeta kama ya gari. Waliozitoa msaada walidhani zitakimbia. Hazikimbii. Zinatambaa mwendo wa mtu aliyebeba ndoo kichwani, na pikipiki inayotambaa haipati upepo, na isiyopata upepo inachemsha. Dereva mwenzake anayepanda njia hiyo hiyo siku nyingine, kijana wa miaka ishirini na saba anayejiita Kasi, alikuwa amechemsha mara nne tangu mvua zianze. Mara ya nne alirudi amepanda trekta, pikipiki ikiwa nyuma, imelazwa kama mgonjwa.

Ya Shangazi, miaka sita, haijachemsha hata siku moja.

Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani. Miaka ishirini na mbili alishona sare za shule katika chumba kimoja kando ya barabara, mpaka sare zilizoshonwa viwandani zilipoingia sokoni na wateja wakahama bila kuaga. Pikipiki alijifunzia ya marehemu mumewe, akibeba majora ya vitambaa. Alipoomba kazi ya zahanati, waliomsaili walimuuliza kama anaijua mashine. "Ina tofauti gani na cherehani?" akawajibu. "Ukiilazimisha, inakata uzi." Wakacheka mpaka machozi, wakampa njia ya mlimani kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Mambo yakaenda vizuri hadi alipoletwa Mratibu mpya.

Mratibu alikuwa na miaka thelathini na mitatu, kalamu tatu za rangi, na chati ukutani. Kila injini ikichemsha, alichora doa jekundu. Safu ya Kasi ilikuwa kama mtoto mwenye surua. Safu ya Shangazi ilikuwa nyeupe pe. Mtu mwingine angeitazama safu hiyo akafurahi. Mratibu alisomea takwimu, na kwa mujibu wa elimu yake safu nyeupe ina maana moja: kuna mtu anaficha kitu.

Akaanza kuulizia chini chini, yaani kila mtu akajua.

"Anachelewa, bosi," alisema Kasi. "Mimi nikifika salama natumia saa mbili. Yeye mbili na nusu."

"Ukifika salama. Umefika salama mara ngapi?"

"Hilo si ndilo tunalochunguza, bosi. Tunachunguza nusu saa yake. Anaipeleka wapi?"

Mlinzi naye akaletwa. Akavua kofia, akaangalia mlango, akashusha sauti. "Mimi simsemi mtu. Ila akirudi, buti zina tope mpaka magotini, na pikipiki safi. Nikajiuliza, aliyepanda nani, aliyepandwa nani?"

"Endelea."

"Halafu mswaki."

"Mswaki gani?"

"Anao kwenye mfuko wa koti. Nimeuona kwa macho yangu haya mawili."

"Mswaki wa nini kwa safari ya kwenda na kurudi?"

"Bosi, mimi sijasema kitu. Nimesema mswaki."

Hadi saa sita mchana Shangazi alikuwa amepata bwana katikati ya msitu. Hadi saa nane bwana huyo alikuwa na mashamba na jino la dhahabu. Lakini Mratibu hakuwa mtu wa umbeya. Yeye alitaka jambo zito zaidi, akalipata. Kisanduku cha chanjo anachokifunga nyuma ya pikipiki kinajazwa barafu. Injini inataka ubaridi. Ukiziweka habari hizo mbili karibu karibu na ukawa na kalamu ya rangi, unapata mwanamke anayepoza pikipiki kwa barafu ya watoto wachanga.

Akamwita ofisini.

"Mama, nieleze. Pikipiki yako haichemshi kwa nini?"

"Naiangalia."

"Wote tunaziangalia."

"Ninyi mnazitazama," alisema Shangazi.

"Unatumia nini? Kuna dawa unaweka? Barafu?"

"Baba, barafu ni ya chanjo."

"Sikusema si ya chanjo. Nakuuliza maswali na hunijibu. Basi sikiliza. Ijumaa utapanda. Nisipopata maelezo ya kueleweka, Jumatatu funguo anapewa Kasi, na wewe nitakutafutia kazi ya kukaa."

Kazi ya kukaa. Jioni hiyo Shangazi aliketi chumbani kwake mbele ya cherehani, ambayo sasa kazi yake ilikuwa kubeba thermosi na albamu ya picha. Anaijua kazi ya kukaa. Miaka miwili ya mwisho ya ushonaji aliketi hapo hapo, uzi umeshatungwa, akimsubiri mteja aliyekuwa anapita nje amevaa sare ya kiwandani.

"Si umweleze tu, mama?" alisema binti yake akimenya viazi.

"Nimemweleza. Hajatosheka. Anataka kitu kikubwa kuliko kilichopo."

"Basi mtungie."

"Nikimtungia atakiandika ukutani. Na huyo Kasi ananiangaliaangalia. Akinitolea maji kwenye rejeta je?"

Maana na yeye hakuwa malaika. Ijumaa alfajiri, injini ikiwa baridi bado, alifungua kifuniko cha rejeta akachungulia maji kama mke anayechungulia sufuria iliyopitiwa na mawifi. Yalikuwa yamejaa. Hilo nalo likamtia shaka.

Mratibu akafunga kisanduku kwa utepe kwa mkono wake mwenyewe na kuuchora alama ya kalamu ya kijani. Akamtakia safari njema kwa tabasamu la mganga wa meno. Kisha akampa Shangazi dakika kumi za kutangulia, akajipakia nyuma ya pikipiki ya Kasi, na kikosi maalumu cha upelelezi kikaanza kupanda mlima.

Pikipiki ya Kasi ilikuwa na kibao cha bati kilichofungwa mbele, kimeandikwa KASI kwa rangi nyekundu. Kilikuwa kizuri sana, na kilifunika rejeta yote.

"Taratibu," Mratibu alinong'ona sikioni mwake. "Asitusikie."

Kasi akaenda taratibu kwa namna aliyoijua. Aliibana klachi nusu, asiiachie wala asiibane yote, huku mkono wa kulia unavuta mafuta. Injini ikalia kama inateswa, gurudumu likasogea kidogo kidogo. Kilomita ya tatu harufu ikaanza, kama ya ukucha uliochomwa. Kilomita ya tano, Mratibu akahisi mapaja yake yanaiva.

"Bosi, tazama kule!"

Mbele yao, pale mlima unapopasuka na bonde kuonekana, pikipiki ya Shangazi ilikuwa imesimama. Imezimwa. Pua yake imeelekezwa bondeni. Kisanduku kiko kivulini. Mwenyewe amepiga magoti mbele ya gurudumu, kichwa ameinamisha, mkono unakwenda mbele na nyuma.

Mratibu akashuka, akajibanza nyuma ya kichaka kilichomficha mguu mmoja.

"Anafanya nini?"

"Anaisalia," Kasi alinong'ona. "Anaisalia pikipiki, bosi. Nilijua tu si bure."

Mratibu alikuwa anatafuta simu apige picha pale filimbi ilipolia nyuma yake. Ilikuwa rejeta ya Kasi. Mvuke ulitoka pande zote za kile kibao, na Kasi, badala ya kuzima, akazidi kuvuta mafuta.

"Unafanya nini wewe?"

"Napoza, bosi! Nikivuta, feni inaleta hewa!"

"Hii ina feni?"

Kasi akafikiri. "Haina."

Akazima. Filimbi haikunyamaza. Basi akavua koti, akalizungushia kiganjani, akanyoosha mkono kushika kifuniko cha rejeta.

"Kishike hicho," ilisema sauti juu ya vichwa vyao, "uso wako ukaive leo hii hii, tukakuite jina jingine."

Mkono wa Kasi uliganda hewani. Shangazi alikuwa amesimama juu ya jiwe, mswaki mkononi, tope mpaka magotini.

"Shikamoo, Shangazi," Kasi alisema, kwa kuwa hakuna kingine kilichomjia.

"Marahaba. Ondoa mkono. Na wewe Mratibu toka huko, hicho kichaka kina upupu."

Mratibu akatoka, akijikuna kwa hadhi. Kasi alikuwa amekwishachota maji ya kijito kwenye kofia ngumu, yuko mbioni kuyamwagia injini.

"Mwaga hapo kando! Chuma cha moto hivyo, maji ya baridi hivyo, unataka ipasuke? Saidia kusukuma."

Wakaisukuma mpaka pale peupe, wakaielekeza kwenye upepo wa bondeni kama ya Shangazi. Shangazi akafungua kile kibao kwa bisibisi, akampa Kasi ashike jina lake mwenyewe. Nyuma ya kibao tope lilikuwa limekaukia kwenye mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vya kupitisha hewa, kama ukuta uliopigwa lipu.

"Hewa ingepita wapi hapo? Wewe umeiziba pua halafu unaikimbiza." Akaanza kusugua kwa mswaki, pezi kwa pezi, kwa uangalifu wa mtu anayefumua pindo.

Mratibu aliutazama mswaki. Bwana mwenye jino la dhahabu akafia msituni, hakupata hata wa kumlilia. Akaenda kwenye kisanduku: utepe uko sawa, alama yake ya kijani iko sawa. Kipimajoto cha kisanduku, kinachosomwa bila kukifungua, kilisoma nyuzi nne, palepale panapotakiwa.

"Na buti?" akauliza, sauti imeanza kupungua.

"Pale kwenye mawe yaliyosimama nashuka. Natembea pembeni yake, gia ya kwanza, klachi nimeiachia yote. Mwili wangu huu ikiubeba hapo, itachoka. Nikifika hapa nazima."

"Unazima kwa muda gani?"

"Mpaka ipoe."

"Ndiyo ile nusu saa?"

"Ndiyo hiyo."

"Na hakuna kitu kingine? Dawa? Kifaa?"

"Ulitaka kiwepo?"

Alitaka. Ilionekana usoni. Mtu hapandi mlima akiwa ameiva mapaja ili aje aambiwe kwamba kitu cha moto kinaachwa kipoe. Alitembea huku na huku, akajikuna, akatazama bonde, akamtazama Kasi aliyekumbatia kibao chake kama picha ya marehemu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hata pale haki inapomuudhi, akatoa kalamu ya kijani mfukoni, akafunga vifungo vya koti, akasimama mbele ya pikipiki ya Shangazi, mikono nyuma, kifua mbele.

"Mama," alisema, na bonde likamrudishia sauti yake, jambo lililomtia moyo, "kwa mamlaka niliyokabidhiwa, natamka kwamba tuhuma zote zimefutwa. Funguo zitabaki kwako. Kasi atakuwa chini yako miezi mitatu. Na kuanzia leo, kwa niaba ya Idara ya Usafiri, nakuteua kuwa Mkufunzi Mkuu wa Upozaji wa Injini katika Njia za Mwendo wa Polepole. Una lolote la kusema katika wakati huu wa kihistoria?"

Shangazi aliinua kichwa.

"Sogea kando. Unaziba upepo."