Sepeto Linalosikika Derryhollan

Saa mbili asubuhi, ukungu umekilalia kinamasi cha Derryhollan, na Sorcha Delahunt haonekani. Kinachosikika ni fimbo yake ya chuma, anayoichomeka ardhini kabla ya kila hatua. Ikigonga kitu kigumu, anasogea. Isipogonga, anarudi nyuma.

Ardhi inabonyea chini ya buti zake kama godoro.

Sorcha, mwenye miaka ishirini na saba, yuko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika sayansi na usimamizi wa ardhioevu. Kazi yake ni kuziba mitaro ambayo wazee wake waliichimba kukausha kinamasi hiki, ili maji yarudi na udongo mweusi, ambao wao huukata, huukausha na kuuchoma kama kuni, uache kuisha.

Majirani hawajamsamehe. Wanamwita Profesa wa Matope, na mmoja humuuliza kila Jumapili kama majira ya baridi watachoma vitabu vyake.

"Namwambia vyangu vimelowa," anasema Sorcha.

Acha wacheke. Hakuna hata mmoja wao aliyekubali kutembea naye hadi katikati ya kinamasi.

Mtaro mmoja ulikuwa umebaki, ule wa kipande cha baba yake, Fintan, aliyekata udongo hapo tangu ujanani. Kama usingezibwa, maji yote yangevujia huko na utafiti ungekufa. Fintan alikataa. Alisema hawezi kuzamisha jasho la baba yake kwa ajili ya cheti.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Oktoba. Sorcha alikuwa anapima kina cha maji, ukungu ukashuka ghafla. Hakuogopa. Watu wa hapa hutoka kinamasini kwa kufuata mitaro: ukishika mmoja, utakufikisha barabarani. Akautafuta wa karibu, hakuuona. Akatafuta mwingine, hakuuona. Alikuwa ameiziba yeye mwenyewe, na majani yalishaifunika.

"Niliifuta njia kwa mikono yangu," anasema.

Ndipo akasikia sepeto. Mapigo mawili, kimya. Mapigo mawili, kimya. Akajua ni baba yake, anakata kwa siri. Hasira zikampanda, akaifuata sauti ili akamkabili. Akaita. Sepeto halikusita.

Bibi yake alimfundisha kwamba ukipotezwa kinamasini, ugeuze koti ndani nje, ili kinachokupoteza kikuachie. Akalivua, akaligeuza, akalivaa.

"Nilijiona mjinga," anasema. "Lakini lilinisimamisha."

Akachomeka fimbo hatua moja mbele. Ikazama yote, ikamponyoka.

Nyuma yake, mbali, honi ikalia. Aliifuata kwa mikono na magoti hadi barabarani. Fintan alikuwa ndani ya gari, amevaa viatu vya kanisani, kiganja kwenye honi.

"Kumbe si wewe unayekata?"

"Nikate na nini, mwanangu, meno? Sepeto liko ukutani jikoni."

Akaondoa kiganja. Wote wawili wakasikia. Mapigo mawili, kimya.

Mhadhiri wake anasema ni gesi inayopasuka maji yanaporudi. Sorcha habishi, na kwenye utafiti ameandika hivyohivyo.

"Ila gesi haipumziki kati ya kazi," anaongeza, sauti chini.

Fintan hakuhitaji mhadhiri. Baba yake, aliyezikwa miaka mingi iliyopita, alikuwa anakata vile: mara mbili, anavuta pumzi. Fintan aliendesha gari hadi nyumbani. Mlangoni ndipo aliposema.

"Ziba ule mtaro, mama. Mfunike mzee, apumzike."

Waliuziba wiki iliyofuata, baba ameshika mbao, binti anagongea.

Akihitimu, Sorcha anataka kubaki hapahapa. Kitu cha kwanza atakachofanya ni kusimika nguzo kutoka katikati ya kinamasi hadi barabarani, na kuziunganisha kwa kamba.

"Ukungu ukishuka, mtu awe na kitu cha kushika," anasema. "Asitembee kwa kusikiliza."