Elphas Mfunga Miguu

Kila mkimbiaji aliyewahi kutoka jasho kwenye barabara za mashamba ya ngano ya Timau alipitia mikononi mwa Elphas. Hilo si la kubishania. Anayetaka kubishana akabishane na miguu yao.

Alikuwa mtu mfupi wa mabega mapana, kofia ya sufu haimtoki kichwani hata kanisani, mpaka mchungaji akachoka kumsema. Kazi iliyompa mshahara ilikuwa kukata manyoya ya kondoo katika shamba moja kubwa. Kazi aliyoipenda ilikuwa kukanda. Aliirithi kwa mama yake, mwanamke aliyekanda waliotoka kujifungua na kurudisha mifupa ya walioteguka. Mama huyo alimfundisha kwa namna yake: alimfunga kitambaa machoni, akampa mguu wa mbuzi aliyechinjwa, amwambie kwa vidole tu wapi ni nyama, wapi ni ukano, na wapi fimbo ya mchunga mbuzi ilipiga. Akikosea, hali jioni hiyo. Haikuchukua muda mrefu akaacha kukosea.

Basi mwaka 1984, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aitwaye Marete, aliyependa mbio za nyika kuliko chakula, alikusanya vijana wa mashambani akaanzisha kambi. Akamwomba Elphas awe anapita jioni. Banda la kukatia manyoya likawa mahali pa kukandia. Vijana wakirudi kutoka mbio ndefu, baridi ya mlima ikiwa imewakaza miguu kama kuni, walikunywa uji wa wimbi, wakalala chali na kuegemeza miguu ukutani ili damu ishuke, kisha mmoja mmoja wakapanda juu ya meza ya Elphas. Yeye alipasha mafuta ya kondoo kwenye jiko, akaanza kwenye unyayo, akapanda polepole kuelekea moyoni. Hakuwa na haraka. Aliyelia aliambiwa alie, lakini asivute mguu.

Palikuwa na jambo moja pale kambini ambalo hakuna aliyelivunja. Jioni ya kuamkia safari ya mashindano, Elphas alimfunga mkimbiaji miguu. Hakutumia kamba wala kitambaa. Alipitisha kidole gumba kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino, mara tatu kila mguu, kisha akaupiga unyayo kofi dogo. Kofi hilo lilikuwa na maana ya kwamba mguu huu ni mzima, nenda. Mguu uliokuwa na kasoro hakuufunga, hata mwenyewe apige magoti. Mwalimu Marete aliwahi kumwacha kijana wake bora nyumbani kwa sababu Elphas alikataa kumfunga, na wiki ile ile mguu wa kijana ukavimba. Tangu hapo neno la Elphas likawa la mwisho.

Na katika wote waliopita mezani pale, alimpenda mmoja. Kathuri aliletwa akiwa darasa la saba, mwembamba, magoti yamejitokeza, na mapafu utadhani amewekewa mawili zaidi. Elphas hakuwa na mtoto wa kiume. Alimkanda Kathuri kwa miaka minane, akaijua miguu ile kuliko alivyoyajua mashavu ya mkewe; mkewe alimwambia hivyo, naye hakukana. Watu walipomsifu kijana, yeye ndiye aliyetabasamu. Kathuri akishinda Meru, Elphas alitembea sokoni kifua mbele siku tatu nzima.

Mwaka 1992 akaja Rwamba.

Alikuwa binti wa Gachoka, kule Mbeere kwenye jua kali, aliyesomea tiba ya viungo Nairobi na kupata cheti. Alishuka Timau amevaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Elphas alimwonea huruma siku ya kwanza, akamkaribisha chai. Siku ya pili huruma ikaisha. Binti aliomba mapipa mawili yakatwe, yajazwe maji ya mtoni, yale yanayoteremka kutoka kwenye barafu ya mlima, kisha akawaambia wakimbiaji waingie humo mpaka kiunoni dakika kumi baada ya mbio ndefu. Yaani mtu aliyezaliwa kwenye joto, asiyeweza hata kutoa mikono mfukoni, ndiye aje kuwafundisha watu wa Timau matumizi ya baridi! Elphas alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia Marete kwamba mtoto huyu atawaua.

Hakuwaua. Walitoka majini wakitetemeka na kutukana, lakini kesho yake miguu ilikuwa myepesi. Aliwafundisha kujinyoosha, akawapangia siku za kupumzika, akawaambia kwamba misuli hujengeka wakati mtu amelala, si wakati anakimbia. Kwa hayo ya kupumzika Elphas alikuwa amepiga kelele miaka yote. Alipoyasema yeye, vijana waliitikia ndiyo, mzee, wakaenda kucheza mpira. Alipoyasema Rwamba, waliandika kwenye daftari.

Hapo ndipo wivu ulipoingia, na ukiingia kwa mtu wa umri ule haugongi mlango. Elphas alianza kuhesabu nani amepita bandani na nani amepitiliza. Akimsikia kijana anamwita binti yule daktari, chai ilimgeukia mdomoni. Alimwonea kijicho kwa cheti chake, kwa meza yake ya kukunja, hata kwa jinsi alivyocheka. Aliwaambia watu kwamba mikono ya Rwamba ni laini mno, ni mikono ya kufungua vitabu. Mkewe alimwuliza kama anamwogopa mtoto wa watu. Akasusa chakula.

Lakini hayo yote angeyameza. Kilichomkaba ni Kathuri. Jioni moja ya Alhamisi, kijana aliyekuwa hajawahi kukosa, hakuja bandani. Mafuta yakapoa, yakaganda. Elphas akatoka nje kama mtu anayetafuta kuni, akamwona Kathuri amekaa ndani ya pipa, kichwa nyuma, anacheka na Rwamba. Roho ilimuuma. Alirudi ndani akayatoa mafuta yale, mafuta mazuri, akampa mbwa.

Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa umebaki wiki moja. Aliyeshinda Nairobi angevaa jezi ya nchi na kupanda ndege, na Kathuri alikuwa na nafasi kweli. Marete hakulala kwa kulifikiria. Kwenye gari la shule palikuwa na nafasi moja ya mtu wa kuangalia miguu. Miaka yote nafasi hiyo ilikuwa ya Elphas. Safari hii Marete alimwita kando, akakuna shingo, akasema kwamba waandalizi wanataka mtu mwenye cheti. Elphas alimjibu kwamba hana neno. Alikuwa na maneno mengi sana.

Ijumaa ya kuamkia safari, jua likielekea kuzama na upepo wa ngano ukivuma, Kathuri aliingia bandani peke yake. Alisalimu kwa adabu kama siku zote, akapanda mezani, akalala kifudifudi. Akasema, "Mzee, nimekuja unifunge."

Mguu wa kulia ulikuwa safi. Elphas akaupiga kofi. Akahamia wa kushoto, akateremsha kidole gumba kwenye shavu la mguu, na pale katikati, upande wa ndani, kidole kikazama kidogo. Shimo dogo, la ukubwa wa punje ya hindi. Msuli ulikuwa umechanika nyuzi chache. Aliyefundishwa kwa mguu wa mbuzi, macho yamefungwa, hakuhitaji kuuliza. Siku kumi au kumi na mbili za kupumzika, na kijana angekuwa sawa. Akikimbia juu yake, ni Mungu tu anayejua.

Alikuwa na neno moja tu la kusema. Na hapo, jamani, ndipo wivu ulipomfanyia hesabu yake. Alifikiri: nikisema, Kathuri atalazwa, na atakayemlaza ni Rwamba. Atamtia kwenye mapipa yake, atapona, na Timau yote itasema daktari amemponya. Nikinyamaza, atachechemea kidogo Nairobi, atatoka mbioni, na watu wataona kwamba tangu wamwachie msichana wa cheti, kijana wangu ameharibika. Kuchechemea tu. Hakutaka zaidi ya hapo, alijiapia hakutaka zaidi ya hapo. Kidole kikaendelea mpaka kisigino, mara ya pili, mara ya tatu. Akaupiga unyayo kofi.

"Nenda," alisema.

Walirudi Jumapili alasiri. Gari lilisimama mbele ya shule na Marete akashuka kwanza, uso umemshuka, asimwangalie mtu. Kathuri aliteremshwa na watu wawili, mguu wa kushoto umefungwa bendeji kutoka goti mpaka vidoleni. Kwenye kilima cha mzunguko wa tatu, akiwa wa pili, msuli ulikatika. Waliokuwa karibu walisema waliusikia. Daktari wa hospitali ya Nairobi alisema ukano nao umeguswa, na kwamba kutembea atatembea.

Elphas alisimama nyuma ya umati. Alitaka kurudi nyumbani. Rwamba akamwona, akamjia moja kwa moja kupitia katikati ya watu, macho mekundu, na yule mzee akajiandaa kutukanwa. Kutukanwa kungemsaidia.

Binti hakumtukana. Alimsimulia kwa sauti ya chini kwamba Alhamisi kabla ya safari Kathuri alilalamika mguu, naye akaupapasa asiwe na hakika kama ni kukaza tu au ni jeraha. Vitabu vyake havikumfikisha. "Nikamwambia aje kwako," alisema. "Nikamwambia, mzee akikataa kukufunga, hutaenda, hata mwalimu aseme nini. Akikufunga, nenda. Mimi mikono yangu bado, mzee. Nilitegemea yako. Kumbe hata kwako kasoro ile haikuwa rahisi kuisikia. Usijilaumu."

Miezi minane Elphas alikuwa akimchukia mtu aliyemheshimu yeye kuliko walivyomheshimu wote waliopita mezani pake, na nafasi iliyomkosesha usingizi, ya kuwa na neno la mwisho, haikuwa imechukuliwa na mtu yeyote. Ilikuwa yake hadi Ijumaa ile. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Siku tatu hakutoka nje. Ya nne akavua kofia, akaenda nyumbani kwa kina Kathuri. Alimkuta kijana nje ya jikoni, ameweka mguu juu ya gunia la viazi, mama yake akipepeta maharagwe pembeni. Rwamba naye alikuwepo, amepiga magoti, anamfundisha kukunja vidole vya mguu taratibu. Elphas hakukubali kiti. Alisema akiwa amesimama, mbele ya wote, ili asipate pa kujificha.

"Kasoro ile niliisikia. Ijumaa ile. Niliisikia nikakufunga, kwa sababu ya wivu. Nilitaka huyu binti aonekane hajui."

Mama aliacha kupepeta. Rwamba alibaki ameshika kisigino, hakuinua uso. Elphas alimngoja Kathuri amfukuze, au alie, au amrushie gongo lake la kutembelea. Angeshukuru kwa lolote. Kijana alimtazama bila hasira, na alichojibu ndicho Elphas alichokuja kukisimulia miaka mingi baadaye kwa kila aliyetaka kufundishwa kazi ile, akianza nacho kabla hajamwonyesha hata mafuta.

"Najua uliisikia," Kathuri alisema. "Kidole chako kilisimama. Miaka minane hakijawahi kusimama bila sababu. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka nishuke mezani, nikamwambie mwalimu siendi. Halafu kikaendelea. Nikasema, kama ni mzee Elphas, basi hawezi kuniacha niumie."