Aliyetukalisha Benchi Moja

Watu wananiambia yameisha, nisahau. Wanaoniambia hivyo wengine hawakuwepo, na waliokuwepo walicheka. Mimi sijasahau na sina mpango huo. Yule mtendaji wa kijiji alinitenda, nami nikamtenda, na nikikumbuka zamu yangu mpaka leo nasikia raha. Nasema mapema ili mtu asije akasoma mpaka mwisho akitegemea machozi ya msamaha.

Kwanza mjue kwetu. Mimi ni wa milima ya Ileje, na kwetu mwanamke hakai pamoja na baba mkwe wake. Hapiti naye njia moja, hamtaji jina, hali mbele yake. Akimwona anakuja anajifunika kitenge kichwani na kupisha pembeni mpaka apite. Watu wa mjini wakisikia hivyo wanadhani ni chuki. Wapi. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Mama mkwe alikuwa ameshafariki nilipoolewa, na mzee aliishi peke yake kwenye kijumba cha uani, nyuma ya migomba. Sikuwahi kumtazama usoni, lakini kila msimu wa mvua nilikuta kuni kavu zimeegeshwa kwenye ukuta wa jiko langu. Na mimi chakula chake niliweka juu ya kigoda mlangoni kwake, maharage yasiyo na chumvi nyingi kama alivyopenda, kisha nikaondoka. Hatukuongea hata siku moja. Nimeona watu wanaoongea kutwa nzima na hawapendani hata nusu ya vile.

Basi ukaja ule utaratibu wa kliniki. Mama akipata ujauzito, siku ya kwanza aje na mumewe, wapimwe wote na wasikie mafundisho wote. Mume akiambiwa na nesi kwamba mkewe asipandishe mlima na ndoo ya maji kichwani, huenda akaibeba yeye. Niliunga mkono kwenye mkutano wa kijiji, tena nilinyoosha mkono juu kabisa. Waliokuja na waume walihudumiwa kwanza, na aliyekuja peke yake alihudumiwa pia, ila baadaye kidogo. Utaratibu haukuwa na ubaya wowote. Ubaya alikuwa nao mtu mmoja aliyetaka kusifiwa kwa ajili yake.

Huyo ndiye mtendaji wetu. Kijana, mgeni, shati limepigwa pasi hata siku ya matope, na akitusikia tunaongea Kiswahili chetu chenye Kindali ndani yake anatabasamu upande mmoja. Kila alichokikuta kwetu alikiita mila potofu. Tulimvumilia kwa sababu ndiye serikali tuliyokuwa nayo karibu.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Hii ya pili nilikuwa naichunga hata nikikohoa, na asubuhi moja nikaona damu kidogo. Mume wangu alikuwa utingo wa malori pale Tunduma, na wiki ile gari lao lilikuwa limevuka kwenda Zambia. Nikaenda zahanati peke yangu, polepole, nikishika tumbo. Kumbe siku hiyo kulikuwa na wageni kutoka halmashauri, wanakuja kutazama jinsi kijiji chetu kinavyotekeleza. Mtendaji mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mumeo yuko wapi?" akaniuliza.

"Amesafiri na gari, yuko Zambia."

"Leo sitaki kuona mwanamke peke yake kwenye benchi hili. Wageni wako njiani."

Nesi akatoka akasema, "Mtendaji, huyu anatakiwa aonwe sasa hivi."

"Ataonwa, nani amekataa? Nyumbani kwenu hakuna mwanaume mwingine?"

"Yupo baba mkwe tu," nikasema, na nikacheka kidogo, maana nilidhani ni utani.

Hakuwa anatania. Alimwita mgambo akamwambia amlete mzee. Mgambo ni mtu wa kwetu, akaanza kusema kwamba huku mambo hayaendi hivyo. Mtendaji akamkatiza. Mgambo akaenda, na kwa kuwa alijua mzee hatakanyaga pale mkwe alipo hata kwa kuburutwa, alimwambia uongo. Alimwambia kwamba mimi nakata roho.

Mzee alikuja mbio. Alitoka shambani vile vile, miguu ina matope, jembe mkononi. Mimi nilikuwa nimeshapimwa uzito, kitenge changu kimebaki kwenye mzani, kichwa kitupu, sina cha kujifunika. Aliponiona mzima aligeuka ili aondoke. Mtendaji akamshika mabega, akamkalisha kando yangu kwenye benchi la waume na wake, bega lake likagusa langu. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya mwanamke anayejifungua, na mhudumu alikuwa akifundisha kwa fimbo, hapa kichwa cha mtoto, hapa njia. Mzee aliweka jembe magotini akatazama mpini. Watu wakacheka. Wengine walificha mdomo kwa kiganja, wengine hata hawakujisumbua.

Mtaniuliza kwa nini sikuinuka. Ningeinuka niende wapi na damu ile? Nilitaka mtoto. Nilikaa pale kwa ajili ya mtoto, na mzee, najua, alikaa kwa sababu hiyo hiyo. Wageni wakaingia, wakafurahi kuona mpaka wazee wameitikia, wakapiga picha. Halafu nesi akanivuta ndani, akanilaza, akanipa dawa na kunikataza kazi nzito. Mimba ilishika. Nilipotoka mzee alikuwa ameshaondoka, na hakwenda nyumbani.

Alikwenda ng'ambo ya bonde, kwa mwanawe mdogo. Kwetu heshima ile ikivunjwa, aliyeivunja anatoa mbuzi, mbuzi anachinjwa, ndipo mkwe na baba mkwe wanaweza kurudi kuishi kwenye boma moja. Bila mbuzi mzee hawezi kuingia uani kwangu. Ndugu zake walikaa wakauliza, nani amevunja? Mzee alidanganywa, mkwe alikuwa mgonjwa. Aliyewakalisha ndiye mwenye mbuzi. Wakamtuma mmoja wao kwa mtendaji, akasema kwa adabu zote, na akajibiwa kwamba serikali hailipi mbuzi kwa mambo ya kizamani. Wiki ile ile nikasikia picha yetu imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, mimi na baba mkwe bega kwa bega, juu yake pameandikwa Familia Bora.

Mume wangu aliporudi aliichana ile picha akaitia jikoni kwenye moto. Alitaka kwenda kumpiga mtu. Nikamwambia, "Kaa chini ule. Huyu ni wangu."

Nilisubiri. Nilijifungua binti, mzima, mwenye sauti. Walimpeleka ng'ambo babu yake akamwona, lakini mimi nilibaki na uani mtupu, kile kijumba kinaota nyasi mlangoni. Mvua zilipoanza nilipikia kuni mbichi, nikitokwa machozi ya moshi na kumtaja mtendaji kwa jina lake lote. Kila nilipokutana naye njiani nilimsalimia vizuri, "Habari za kazi, mtendaji?" Naye alijibu vizuri. Alidhani mimi ni mtu mwepesi wa kusahau.

Kisha akaoa. Na alioa wapi, kama siyo kwetu? Kati ya wasichana wote wa mkoa wa Songwe alichagua binti wa kijiji cha jirani, Mndali kama mimi, mwenye mama mkali na wajomba wengi. Niliposikia nilikaa kwenye ngazi ya nyumba nikacheka mpaka mtoto akashtuka.

Yule binti sikumgusa. Alipokuja kliniki yake ya kwanza mumewe alikuwa na semina wilayani, na mimi siku hiyo nilikuwa pale kama mjumbe wa kamati ya zahanati. Nilimwambia nesi amhudumie, nikampa na maji ya kunywa. Alinishukuru sana, hakunikosea lolote. Deni langu halikuwa kwake.

Kwetu mwenye mimba ya kwanza anakwenda kujifungulia kwa mama yake. Baada ya hapo mume anakuja kumchukua mke na mtoto, na wakwe wakiridhika wanamkabidhi. Niliposikia amekwenda kwao kujifungua nilivaa kitenge kizuri, nikambeba binti yangu mgongoni, nikapandisha mlima mpaka kwa mama yake. Nikakaa jikoni kwake, nikamenya naye ndizi. Niliongea kwa upole kabisa. Nikamwuliza kama wanajua mkwe wao ana mbuzi hajatoa, na ni mbuzi wa nini. Nikamweleza benchi, mpini wa jembe, picha na maneno ya juu ya picha. Sikuongeza chumvi hata punje, maana haikuhitaji. Yule mama aliacha kumenya. Akasema, "Mwanaume wa hivyo atakuja kunikalisha mimi na yeye kitanda kimoja." Akawaita wajomba.

Basi mtendaji alipokuja na shati lake la pasi kuchukua mke na mtoto wake wa kiume, alikuta wajomba wamekaa uani. Wakamwambia mtoto mzuri, anafanana naye, wanamtunza, wala asiwe na wasiwasi. Akamalize mambo ya watu ndipo aje. Alijaribu kutaja sheria. Wakamsikiliza kwa makini sana, wakamletea chai, wakamwonyesha njia.

Alishindana nao mpaka mtoto akaanza kucheka na watu, na yeye kicheko hicho anasimuliwa. Ndipo akaleta mbuzi. Alimleta mwenyewe, kwa kamba, mpaka kwa shemeji yangu ng'ambo, na mzee akampokea bila neno baya. Mbuzi akachinjwa. Mtendaji akadhani amemaliza.

Lakini mzee miguu ilikuwa imekwisha. Kukaa kote kule, baridi ya bondeni, uzee wenyewe, magoti yalivimba, hatembei hata kwenda kisimani. Alipokimbilia zahanati siku ile alikuwa bado analima kutwa. Mbuzi angekuja wakati ule, mzee angerudi kwa miguu yake akiimba. Nilipoambiwa hivyo nililia kwa hasira, kisha nikanawa uso, nikapandisha tena mlima kwa yule mama. Nikasema, mbuzi ameliwa, sawa. Mzee alifukuzwa uani kwangu na bado hajarudi uani kwangu. Wajomba wakatazamana. Mkubwa wao akasema hilo ni kweli, mbuzi huliwa ili mtu arudi. Akamtumia mtendaji neno kwamba atapewa mke na mtoto siku nitakayowaambia mimi mwenyewe kwamba mzee ameletwa.

Pikipiki haishuki bonde lile. Njia ni ya mguu, jiwe na utelezi, na wagonjwa kwetu wanabebwa. Ndugu za mume wangu wangeweza kumbeba, wana nguvu. Hakuna aliyejitolea, na mimi ndiye niliyewaomba wasijitolee. Mtendaji alimbeba mzee mgongoni siku ya soko, mchana, kukiwa kumejaa watu wanaopanda na kushuka na mizigo ya viazi. Wanasema alipumzika mara nyingi, na kila akipumzika mzee alimwambia kwa upole, "Taratibu, baba. Wewe ni serikali, usije ukaanguka." Wale waliocheka zahanati, baadhi yao walikuwepo njiani. Safari hii hawakucheka. Walipisha na kusalimia, "Pole na kazi, mtendaji," mmoja baada ya mwingine, mpaka juu.

Nilisikia wanaingia uani. Nilikuwa nyuma ya jiko, kitenge kichwani, mgongo kwao, mahali ninapopaswa kuwa baba mkwe wangu akiwa uani. Nilisikia mzee akishushwa kwenye kigoda, akishusha pumzi, akisema kwamba nyasi zimekuwa nyingi. Nilisikia na pumzi za yule mwingine, nzito, za mtu ambaye hajawahi kubeba kitu mlimani.

"Mama," akaniita. "Nimemleta."

Nikavuta kitenge mpaka machoni.

"Mama, naomba uwaambie wakwe zangu kwamba nimemleta. Mtoto wangu anaanza kutambaa."

Mwanamke wa kwetu hatoi sauti baba mkwe wake akiwa anamsikia. Mgeni yule alikuwa ameshafundishwa hilo na wajomba, kwa hiyo alijua kwamba mzee akiwa pale sitamjibu leo wala kesho. Mzee naye alikuwa hapo, amefika kwake, haendi popote. Nilisimama kimya nyuma ya jiko langu, nikimsikiliza akisubiri.