Upepo wa Obadiah na Mikaratusi ya Mpakani

Obadiah Machogu wa Magwagwa alikuwa mchaji betri, na kama hujui maana ya kazi hiyo, basi hukuishi vijijini Nyamira miaka ya tisini. Nyaya za stima zilikuwa zimekomea kwenye kiwanda cha chai. Sisi tuliobaki gizani tulikuwa na televisheni ndogo zisizo na rangi, zinazokula betri ya gari. Betri ikiisha nguvu mtu aliifunga nyuma ya baiskeli, au alimtwika mkewe, ikapelekwa kwa Obadiah. Naye aliiunganisha na injini yake ya dizeli, nayo ikanguruma tangu umande haujakauka mpaka kuku wanapoingia kulala. Kazi hiyo ilimpa marafiki wengi, suruali zilizotobolewa na asidi, na kikohozi.

Kikohozi ndicho kilichompeleka Kisii mjini kwa daktari. Daktari alimsikiliza kifua, mbele na nyuma, kisha akamwambia, "Mzee, chagua. Ni hiyo injini ama ni hii mapafu."

Ni rahisi kusema chagua ukiwa umevaa koti jeupe. Shamba la Obadiah lilikuwa kipande chembamba kama mkanda, kikishuka kutoka barabarani hadi kijitoni, na majani ya chai yaliyokuwamo hayangemlisha yeye na mkewe Bosibori. Alitoka pale, akapita dukani kwa Prakash kununua chujio la mafuta la injini ile ile aliyoambiwa aiache. Kwani afanyeje?

Dukani alimkuta Ravi, mwana wa Prakash, amerudi juzi kutoka Denmark alikosomea mambo ya mitambo. Ravi alimtazama akikohoa mpaka akashika meza.

"Mzee Obadiah, hii dizeli itakumaliza. Huko nilikuwa, wanatoa stima na upepo."

"Upepo gani huo?"

"Upepo tu, hii ya kawaida. Iko na mnara, juu iko mikono tatu kama feni. Upepo inazungusha, stima inatoka. Zingine wamesimamisha ndani ya bahari."

Obadiah alicheka, na kicheko kikaamsha kikohozi. Ndani ya bahari! Wazungu hawa wakikosa kazi hufanya nini? Lakini Ravi hakuwa akitania. Alichora kwa chaki juu ya meza ya duka: huku pwani, huku maji, na minara imesimama majini kwa mstari kama watu wanaosubiri kuvushwa. Akaeleza kwamba nchi kavu kuna nyumba, kuna miti, kuna jirani anayelalamika. Baharini ni peupe, upepo unakuja moja kwa moja.

"Upepo haitaki kuzuiwa, Mzee. Ukiweka kitu mbele yake, inachoka."

"Upepo huchoka?"

"Inachoka kabisa. Kama wewe."

Neno hilo Obadiah alirudi nalo nyumbani. Kwamba hata upepo huchoka! Lilimfariji kidogo, sijui kwa nini.

Magwagwa haina bahari, lakini ina mgongo wa kilima unaotazama upande wa ziwa, na kila alasiri upepo hupanda kutoka huko bila kualikwa. Ravi alikuwa na hamu ya kujaribu elimu yake. Alitafuta dainamo ya lori, akamchukua Eliakim Ombok, mchomeleaji vyuma mjini, mtu wa kando ya ziwa. Eliakim alipofika juu ya shamba alinusa hewa kama anayeonja mchuzi. "Omera, ndugu yangu," akamwambia Obadiah, "huu upepo ni wa kwetu. Umepanda tu kuwasalimia." Walisimamisha mnara wa mabomba upande wa juu wa nyumba, wakafunga mikono mitatu ya mbao na mkia wa bati. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne.

Siku mtambo ulipoanza kuzunguka, watu waliacha kuchuma chai. Mchungaji aliutia katika mahubiri. Injini ya dizeli ilifunikwa gunia, na kuku wakaanza kutaga juu yake. Obadiah aliketi kwenye kigoda chini ya mnara, betri zimepangwa mbele yake kimya kimya, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alisikia ndege wa nyumbani kwake. Kikohozi kilipungua. Bosibori alisema mumewe ameanza kukoroma kama mtu mwenye afya. Miaka mitatu hiyo, ukitaka kujua, ndiyo iliyokuwa maisha yake. Mengine yote yalikuwa kazi tu.

Sasa tuje kwenye miti.

Mkanda wa ardhi uliopakana na wa Obadiah, upande ule upepo unakotokea, ulikuwa wa kaka yake Abner. Wagusii husema nini juu ya ndugu na mpaka? Hawasemi, hushika panga. Mwaka mmoja kabla ya mnara ndugu hao waligombania hatua chache za ardhi mpaka damu ikatoka, na wazee wakaitwa. Mbuzi alichinjwa, mpaka ukapimwa upya kwa kamba, na juu yake ikapandwa mikaratusi, safu moja kutoka barabarani hadi kijitoni. Blugamu, tunaiita sisi. Wakati ule kila mti ulikuwa kijiti cha kufika gotini. Wazee walisema: atakayegusa mti mmoja bila mwenzake ndiye aliyeanza vita tena. Ndugu wakala nyama pamoja. Mwaka uliofuata Abner akafa, akamwachia mkewe Nyanchera mpaka ule na amani ile.

Na mkaratusi, ndugu msomaji, si mti wa kungoja. Ukiupa kisogo unakua. Kufikia mwaka wa tisini na sita miti ile ilikuwa imepita paa. Mwaka uliofuata, zile mvua za El Nino zikainywesha mpaka ikalewa, ikaufikia mnara, kisha ikaupita. Obadiah aliketi kwenye kigoda chake akitazama majani ya juu yakicheza ngoma, yakila upepo wote, huku chini yake mikono mitatu ikizunguka polepole, ikisimama, ikizunguka tena kama mzee anayepanda mlima.

"Kamwambie," Bosibori alimsihi. "Ni shemeji yako, si simba."

"Nimwambie nini? Kwamba nataka kung'oa mpaka wa marehemu? Ataniambia nimengoja mume wake aoze ndipo nidai."

"Umejuaje?"

"Hanisalimii. Kila siku anabeba mtungi wake anapitia njia ya juu, anazunguka mbali, ili asikanyage mbele ya lango langu."

Hilo lilikuwa kweli. Nyanchera, na goti lake bovu, alikuwa akizunguka kwa njia ndefu kila siku na mtungi wa maji. Obadiah alimwona na moyo wake ukafunga mlango. Akafanya alichofanya. Aliondoa gunia, akafukuza kuku, akaisukuma injini ya dizeli hadi kwenye kibanda cha nyuma, akaziba madirisha kwa udongo ili watu wasisikie. Bomba la moshi alilikata fupi lisionekane nje. Kwa wateja ulikuwa bado umeme wa upepo. Wangalisema nini, na mchungaji ameshauhubiri? Na zaidi, hakutaka Nyanchera asikie injini akadhani analalamikiwa miti.

Basi moshi ule uliokuwa ukienda angani zamani sasa ulibaki kibandani, naye alikuwa humo ndani pamoja nao, akipima betri. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuishi na shemeji mpakani.

Alichoka. Sina neno jingine. Aliamka amechoka, akala amechoka, akasali amechoka. Mara nyingine alipumzika kwenye mlango wa kibanda akiwaza minara ile ya Ravi iliyosimama baharini, na akawaonea wivu wenye nayo. Si kwa utajiri wao. Aliwaonea wivu kwa sababu huko hakuna aliyepakana na mtu. Nani amewahi kugombania mawimbi na kaka yake?

Halafu likaja Kombe la Dunia la mwaka wa tisini na nane. Magwagwa nzima ilitaka kutazama mpira. Betri zililetwa kwa mikokoteni, na mtu ambaye betri yake haikujaa alitukana kama amefiwa. Injini haikupumzika. Siku moja mchana Bosibori aligonga mlango wa kibanda, hakujibiwa, akausukuma. Alimkuta mumewe amelala kifudifudi katikati ya betri, midomo imekuwa ya kijivu.

Alimburuta hadi kwenye nyasi akipiga mayowe. Obadiah alipofumbua macho alimwona Nyanchera ameinama juu yake, mtungi wake umeachwa njiani, akimpepea kwa leso.

"Shemeji," alisema Nyanchera, "unataka kufa kwa ajili ya mpira wa Wafaransa?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza tangu matanga ya Abner. Bosibori alileta uji, wakaketi watatu pale nyasini, na kwa kuwa Obadiah hakuweza kusema alichotaka kusema, alisema kingine.

"Mwana wa Prakash aliniambia kuna nchi wameweka mitambo ya upepo ndani ya bahari."

Nyanchera alimtazama Bosibori, akidhani moshi umempanda Obadiah kichwani. "Ndani ya bahari? Wametafuta nini huko?"

"Upepo."

"Huku nchi kavu hakuna?"

"Upo." Obadiah alizungusha kikombe mkononi. "Lakini kule baharini hakuna miti."

Nyanchera alitazama mnara, akatazama mikaratusi iliyosimama juu yake kama askari, akarudisha macho kwenye kibanda kilichozibwa udongo, ambako moshi ulikuwa bado unatoka mlangoni.

"Yaya, hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa hivyo ndiyo sababu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani umeipenda tena dizeli. Injini utaificha wapi, shemeji? Nilikuwa nikiisikia ikikohoa, halafu nakusikia wewe ukikohoa, mpaka nikawa sijui nani ni nani. Nikasema, huyu mtu amekuwa na pesa, hataki hata kuniona." Akauvuta mguu wake mbovu, akaunyoosha. "Unajua kwa nini ninateka maji mbali?"

"Unaliepuka lango langu."

"Lango lako lina nini? Chemchemi yangu imekauka, na maji ya kijitoni hayanyweki! Hiyo blugamu imeinywa yote. Mahindi nayo hayaoti hatua kumi kutoka mpakani. Nimeichukia hiyo miti tangu Abner alipozikwa. Lakini niliogopa nikiigusa utaita wazee useme nimeanza vita."

Bosibori alianza kucheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka, akajifunika uso kwa leso.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, walituambia. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Nyumba hizi mbili zilikuwa zimepatana miaka mitano, na hakuna aliyechukua kapu.

Miti iliangushwa wiki hiyo hiyo. Kwa kuwa ilipandwa kwa mikono miwili, ilibidi wa kwanza ukatwe kwa mikono miwili. Nyanchera aliugonga kwa shoka upande wake, mara kadhaa, akampa Obadiah. Obadiah aliinua shoka, akaugonga mti mara moja, akaliinua tena, na hapo kifua kikafunga. Aliliachia likaanguka. Alikaa chini akihema kwa mluzi, akishika ubavu, na vijana waliokodishwa wakashusha mashoka yao.

Nyanchera aliketi karibu naye. "Iko hivi tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, niliporudi kwa injini."

"Ungekuja mwaka jana."

"Na wewe je?"

Nyanchera alilisugua goti lake. "Na mimi ningekuja."

Machozi yalimtoka Obadiah mbele ya vijana, mchana kweupe, naye hakuyafuta. Alilia kwa uchungu na kwa hasira, hasira juu yake mwenyewe, kwa sababu lilikuwa ni neno moja tu, la kusemwa mlangoni kabla chai haijapoa.

Vijana waliendelea na kazi. Safu ilipofunguka, upepo wa alasiri ulipanda kutoka upande wa ziwa kama ulivyozoea zamani, ukaupata mnara. Mikono mitatu ilitikisika, ikalia kwa kutu, kisha ikashika kasi. Ilihitaji kutiwa grisi kule juu. Obadiah alisimama, akashika ngazi ya mnara, akapanda vidato viwili, akabaki hapo ameegemeza paji la uso kwenye bomba. Kisha akashuka.

"Tutamwita Eliakim apande," alisema Bosibori.

"Mwiteni."

Nyanchera alimshika mkono, akamrudisha kwenye gogo. Upepo ulikuwa mwingi sasa, ulipeperusha leso za wanawake na kuinua vumbi la mbao, ukampiga Obadiah usoni, nao ulikuwa safi, hauna hata harufu ya mafuta. Alifungua kinywa ili aumeze. Ulifika kooni, ukakomea hapo.

"Unaupata, shemeji?" Nyanchera alimwuliza.

Obadiah aliinua kidole, akamwonyesha mtambo ukizunguka.

"Ule unaupata," alisema. "Mimi nimechelewa."