Muzamiru na Jua la Sinema

Mji mzima wa Bwera ulimjua Muzamiru kwa domo lake. Katika banda lake la video alishika kipaza sauti, akatafsiri sinema za Wazungu kwa Kiswahili cha mpakani, na hadithi ikipooza aliitia chumvi bila haya. Iliyojaza banda ni ile ya mfungwa anayekaribia kuchomwa moto: anawatisha watesi wake kwamba atalizima jua, jua linapatwa kweli, wote wanapiga magoti. Muzamiru aliitafsiri mara nyingi hata akaanza kuiamini, mpumbavu yule.

Jumapili moja ya Novemba 2013, siku ambayo jua lingepatwa jioni, pikipiki iliibwa asubuhi nje ya kanisa. Saa kumi na moja umati ukamkamata Maate, mpakiaji mizigo sokoni, kwamba ndiye mwizi. Walimvunja mkono kwa nondo, wakampasua midomo, wakamvisha tairi shingoni. Petroli ilikuwa imeshafuatwa.

Muzamiru alijua Maate hana hatia. Asubuhi yote Maate alikuwa bandani kwake, benchi la mbele. Lakini mji ulikuwa umepiga marufuku video saa za ibada, na mvunja amri hufungiwa banda. Basi akaona atumie akili ya sinema. Akapanda juu ya mkokoteni, akatoa ile sauti yake nzito.

"Mukimuchoma huyu mutu, jua itakufa. Muangalie juu."

Kweli mwanga ulikuwa unafifia. Watu wakatazama, kisha wakacheka.

"Hii sinema tuliona kwako mara tatu," alisema mwenye pikipiki. "Na redio ilisema tangu juzi. Unatuona sisi wajinga?"

Kicheko kikageuka hasira. Jiwe likampata Muzamiru sikioni, nondo ikamshukia Maate kichwani, mara moja, mara mbili. Hapo ndipo Muzamiru, damu ikimchuruzika, alipopiga kelele: "Alikuwa kwangu! Asubuhi yote alikuwa kwangu, anaangalia video!"

Vijana wawili waliokuwa naye bandani wakaitikia kuwa ni kweli. Mwenye pikipiki akatupa nondo chini. Wakamvua Maate tairi, lakini alikuwa ameshakata roho. Jua lilibaki kipande chembamba, na hakuna aliyejali kulitazama.

Kukunda, mke wa Maate, alifika akihema, akasimuliwa ushahidi wa Muzamiru, akakipakata kichwa cha mumewe.

"Kaka Muzamiru, hayo maneno ulikuwa nayo tangu mwanzo?"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa ulingoja nini?"

Muzamiru alitamani kumdanganya, akashindwa. "Niliogopa watanifungia banda," akasema.